Wali wa kwenye jani la mgomba au nasi kandar: ule wapi ukiwa Kuala Lumpur?

Mgeni wangu wa mwisho alikuwa na muda wa saa kumi tu Kuala Lumpur, katikati ya safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Jakarta. Hakuuliza habari za minara wala za maduka. Aliuliza: "Kaka, nile wapi chakula cha Wahindi ambacho sitakipata Upanga?", yaani ule mtaa wa Dar es Salaam wenye Wahindi wengi. Nimeishi mji huu miaka kadhaa, kwanza kama mwanafunzi, na swali hilo nimelijibu mara nyingi mno kwa simu. Leo naliandika jibu lote.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mgahawa wa familia ya Kitamil unaopakua wali juu ya jani la mgomba. Ya pili ni mamak, yaani mgahawa wa Watamil Waislamu, na hasa foleni yake ya nasi kandar, wali unaomwagiwa rojo za namna kadhaa. Ipo na ya tatu, ya wasiokula nyama, ambayo nitaigusa huko mbele kwa sababu inawafaa watu wengi kuliko wanavyodhani.

Niseme mapema nimeegemea wapi. Mchana wenye nafasi, mimi naenda kwenye jani. Lakini zipo hali ambazo ningekushauri usiende huko kabisa.

Kwa nini hakifanani na cha Upanga

Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, Kutch, Punjab na Goa. Ndiyo maana tukisikia chakula cha Kihindi tunawaza chapati, kachori, dengu zenye utamu wa sukari guru kwa mbali, na sinia la chuma lenye vibakuli. Malaysia ina historia nyingine. Waingereza walipofungua mashamba makubwa ya mpira, vibarua waliwatoa zaidi Kusini mwa India, na wengi wao walikuwa Watamil. Wajukuu na vitukuu vyao ndio walio wengi kati ya Wahindi wa Malaysia leo. Jiko lao linasimama juu ya wali. Uchachu wake ni wa ukwaju, ukali wake ni wa pilipili manga na pilipili kavu, na mchuzi huungwa mwishoni kwa haradali na majani ya kari yaliyopasukia kwenye mafuta ya moto.

Hata hivyo mtu wa pwani hatakuwa mgeni kabisa. Sambar, mchuzi mwepesi unaomwagwa juu ya wali, hupikwa kwa mbaazi zilizoparazwa, na mara nyingi ndani yake utakuta vipande vya maganda marefu ya mlonge, mti ule ule ambao kwetu tunachuma majani yake. Achari haihitaji kutafsiriwa. Payasam inayofunga mlo mara nyingi ni tambi zilizopikwa kwa maziwa, sukari na iliki. Bibi yangu wa Tanga angeijua kwa harufu tu kabla hajaiona.

Jani linavyofanya kazi

Ukiingia, nawa kwanza kwenye beseni lililoko ukutani, kisha kaa. Sahani haiji. Kinachokuja ni kipande cha jani bichi la mgomba, kirefu kuliko mkono wako kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Kinatandazwa mezani mbele yako, na pale penye kujali desturi, upande mwembamba wa jani unaelekezwa kushoto. Nusu ya juu, iliyo mbali nawe, ni ya mboga, chumvi na achari. Nusu ya chini, iliyo karibu nawe, ni ya wali. Upande mpana unakaa kulia kwa sababu ndiko mkono unakofanya kazi. Mtu wa Bukoba, ambako ndizi zilizopikwa zimeandaliwa juu ya jani tangu zamani, hatahitaji maelezo mengi hapa.

Kisha watu wanaanza kupita. Wa kwanza anakuwekea mboga, kwa kawaida za namna tatu hivi, na hubadilika kila siku: kabichi iliyokaangwa kwa manjano, biringanya, boga, matango kwenye mtindi. Wa pili ana wali. Akikuuliza kama unataka mweupe wa kawaida au ule ambao mpunga wake ulichemshwa ukiwa bado na maganda, chukua huo wa pili. Punje zake ni nene, hazishikani, na zinapokea mchuzi bila kugeuka uji. Wa tatu amebeba ndoo ndogo za chuma zenye michuzi: sambar, mchuzi wa samaki, wa kuku, pengine wa kaa. Unamwonyesha unaotaka, au unamwambia achanganye. Juu ya hayo kuna papadam, ile mikate myembamba ya dengu iliyokaangwa ikakauka, karela iliyokatwa nyembamba ikakaangwa mpaka ikalia mdomoni, na pilipili zilizolowekwa kwenye mtindi wenye chumvi, zikaanikwa juani, kisha zikakaangwa hadi zikawa nyeusi. Pilipili hizo hung'atwa kidogo kidogo pamoja na tonge. Usiitie nzima mdomoni kama alivyofanya mgeni wangu.

Wali wa moto ukigusa jani, ile nta nyepesi iliyo juu ya jani inalainika na harufu inapanda. Ni harufu ya kibichi, karibu na ya majani ya chai yaliyotiwa maji sasa hivi. Sahani ya kaure haina harufu hiyo, na hakuna kiungo cha kuiweka.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti yenyewe kati ya jani na migahawa mingine yote: wanarudi. Wali ukipungua, mtu anatokea na kijiko kikubwa kabla hujainua kichwa. Kabichi ikiisha, anaongeza. Mchuzi ukikauka, ndoo imefika. Yote hayo yamo katika bei moja, na unasema "basi" kwa kuweka kiganja juu ya jani. Na katika nyumba ya familia, anayerudi mara nyingi ni mtoto wa mwenye duka, au mke wake, au mama mzee mwenyewe aliyeamka alfajiri kuparaza nazi. Analitazama jani lako kama mwalimu anavyolitazama daftari. Anajua ulichokipenda na ulichokisukumia pembeni.

Nyumba ninayoipenda iko Petaling Jaya, mji ulio jirani na Kuala Lumpur. Siku moja nilikwenda nikiwa na mafua, sauti imekwama kooni. Mama mwenye jiko alinisikia nikiagiza tu. Dakika chache baadaye aliweka mbele yangu bilauri ya chuma ya rasam, ambayo ni maji ya ukwaju na nyanya yaliyochemshwa kwa pilipili manga, bizari nyembamba na kitunguu saumu, akasema ninywe hiyo kwanza ndipo nile. Akasimama mpaka nikamaliza. Sijawahi kuandikiwa rasam kwenye bili pale, na siku hiyo nilikunywa bilauri tatu.

Namna ya kuwaita itakufaa kuijua. Mwanamke aliyekuzidi umri ni akka, dada mkubwa. Mwanamume ni anneh, kaka mkubwa. Sisi tuliozoea kumwita hata dereva wa daladala kaka au anko tunaingia katika desturi hii bila shida, na nimeona nyuso zikifunguka pale mgeni mweusi kutoka Afrika anaposema "akka" badala ya kupunga mkono.

Kuna mpangilio wa zamani wa kula ambao Watamil wazee bado wanaufuata: wali na sambar kwanza, kisha wali na rasam, mwisho wali na mtindi. Malaysia watu wengi huchanganya vyote kwa pamoja, na hakuna atakayekusema. Mimi naufuata mpangilio, kwa sababu rasam inasafisha ulimi na mtindi unauzima moto uliobaki, na mchana unaobaki unapita bila kiungulia.

Ukimaliza, kunja jani kuelekea upande wako. Maana yake umeridhika. Kulikunjia upande wa mbali kunahusishwa na mlo wa msiba, kwa hiyo angalia mkono wako unafanya nini.

Foleni ya mjomba

Neno mamak limetoka kwenye neno la Kitamil lenye maana ya mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Ndivyo wauza chakula wa Kitamil walio Waislamu walivyoitwa, na jina likahamia kwenye migahawa yao. Nasi kwa Kimalei ni wali. Kandar ni ule mti wa kubebea mizigo begani, mzigo mmoja huku na mwingine kule, ambao Waswahili tunauita mzegazega. Chakula hiki ni cha Penang. Wauzaji walitembea na mzegazega, wali upande mmoja na mchuzi upande wa pili, wakiwauzia wafanyakazi wa bandarini. Mti umekwisha kazi, jina limebaki.

Leo unapanga foleni mbele ya kaunta yenye masufuria. Unasema unachotaka: kuku wa kukaanga, ngisi, ng'ombe, yai, bamia. Wali unawekwa kwenye sahani, kitoweo juu, na hapo fundi anaanza kuchota rojo, upawa mmoja kutoka sufuria hii, nusu upawa kutoka ile, kidogo kutoka ya tatu. Ukisema "banjir", yaani mafuriko, ataufunika wali wote. Ustadi wa nasi kandar uko kwenye mchanganyiko huo. Rojo la samaki, la kuku na la dengu yakikutana juu ya wali yanatoa ladha ambayo haimo kwenye sufuria lolote kati ya hayo. Nimekula nasi kandar ambayo siku tatu baadaye bado naifikiria, na sitaki msomaji adhani naidharau.

Mamak ina mengine pia. Kuna roti canai, ambayo ni binamu wa chapati yetu ya kusukuma ila fundi anaitandaza kwa kuirusha hewani, na huliwa kwa mchuzi wa dengu. Kuna teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu, chombo hadi chombo, mpaka povu linasimama. Na mamak nyingi hazifungi mlango, usiku na mchana. Mwanafunzi aliyebanwa na mtihani saa tisa usiku hana rafiki mwingine mjini.

Kinachokosekana ni yule anayerudi. Ukishapewa sahani yako, mambo yameishia pale. Unakula, unalipa, unaondoka, na mezani kwako ameshakaa mwingine. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni neema.

Halali

Naliweka jambo hili mbele ya bei kwa sababu wasomaji wengi ni Waislamu na hapa ndipo watu hukosea zaidi.

Mamak ni ya Waislamu. Hata hivyo tazama ukutani cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali inayoshughulikia mambo ya Kiislamu Malaysia, kama unataka uhakika kamili. Migahawa ya jani la mgomba, kwa upande wake, mingi inamilikiwa na Wahindu. Kwa kawaida nguruwe hayupo, na ng'ombe hayupo pia kwa heshima ya dini yao. Lakini kutokuwapo kwa nguruwe hakumfanyi kuku awe amechinjwa Kiislamu. Ipo yenye cheti na ipo isiyo nacho. Baadhi inauza pia bia. Kibao kinachosema tu kwamba hapa hakuna nguruwe si cheti.

Ukiwa makini na jambo hili una njia tatu. Tafuta mgahawa wa jani wenye cheti, au ule wa Watamil Waislamu wanaopakua kwenye jani, maana wapo. Au agiza jani la mboga pekee, lakini hapo uliza kuhusu michuzi: sambar na rasam kwa kawaida ni za mboga, ila zile ndoo za mchuzi wa kuku na wa kondoo zimetoka kwenye nyama ile ile unayoikwepa, na mhudumu asiyejua atakumwagia kwa ukarimu. Sema mapema, kabla hajainamisha upawa. Au nenda mamak ule kwa moyo mweupe.

Pesa, na mahali bili inapovimba

Jani lenye wali, mboga, papadam na michuzi huzunguka kwenye ringgit 10 hadi 15 katika nyumba za kawaida, na kwa bei hiyo unaongezewa mpaka useme basi. Sahani ya nasi kandar yenye kuku na mboga moja inaweza kukaribia hapo hapo. Kwa hiyo mwenye njaa kubwa na pesa kidogo, asiyejali kukosa nyama, anapata zaidi kwenye jani. Nilipokuwa mwanafunzi nilikula jani la mboga saa saba mchana na sikuhitaji chakula cha usiku.

Bili inavimba kwenye kitoweo. Kwenye jani kitoweo hulipiwa peke yake: kuku au kondoo aliyekaushwa na viungo, wanaomwita varuval, samaki wa kukaanga, ngisi, kaa. Mhudumu anapita na sinia lenye visahani, harufu inakukamata, unaonyesha viwili vitatu, na kila kisahani kinaweza kulingana na bei ya jani zima. Kichwa cha samaki kwenye mchuzi hupimwa kwa ukubwa wake, nacho ni chakula cha watu wanne. Uliza bei kabla kisahani hakijagusa meza. Hakuna anayechukia kuulizwa.

Nasi kandar nayo ina mtego wake: fundi anahesabu kwa jicho. Anaangalia sahani, anaandika namba. Ukitaja vitoweo vitatu na ngisi mkubwa, namba itapanda bila wewe kuona ilikopandia. Niliwahi kutozwa karibu mara mbili ya jirani yangu kwa sahani zilizofanana, katika duka ambalo sikurudi tena. Tangu hapo nauliza kwanza.

Muda na siku

Jani ni chakula cha mchana. Fika kati ya saa sita na saa nane. Kabla ya hapo mboga hazijatimia, na baada ya saa tisa utapata zilizobaki, zimelala. Migahawa kadhaa hupakua jani hadi jioni, lakini jioni ndoo hazizunguki kwa kasi ile na papadam zimelegea. Mtu akikuambia alikula jani na hakuliona la maana, muulize alikwenda saa ngapi.

Watamil Wahindu wengi hawali nyama siku ya Ijumaa, na wapo wanaoiacha kwa mwezi wa Purattasi, unaoangukia kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba. Siku hizo vitoweo vinaweza kupungua na mboga zikapata uangalizi wa pekee. Mimi Ijumaa ndiyo siku yangu. Wakati wa Deepavali, yaani Diwali, nyumba ya familia inaweza kufunga kwa siku kadhaa, kwa sababu wapishi ndio wenye sikukuu. Mamak itakuwa wazi.

Ukibahatika kuwa mjini Agosti au Septemba, ulizia sadya, karamu ya Onam, sikukuu ya watu wa Kerala, Kusini mwa India. Nayo ni ya jani, haina nyama, na vyakula vinapita 20 juu ya jani moja. Inahitaji kuagizwa mapema.

Njia ya tatu

Migahawa ya mboga ya Kusini mwa India inakata mashaka ya halali kwa wengi, na inamfaa mgeni anayeogopa samaki. Kubwa yenye matawi nchi nyingi ni Saravana Bhavan, iliyoanzia Chennai mwaka 1981. Hapo utakula dosa, mkate mwembamba wa unga wa mchele na choroko nyeusi uliochachushwa, au mlo wa vibakuli. Ni pasafi, haraka, na ladha haibadiliki. Ila huko dosa ndiyo mfalme, na mhudumu ana meza nyingi za kuziangalia.

Nyumba ya kweli utaijuaje

Jina kubwa si kosa. Kwa anayepitia Singapore, pale Race Course Road kuna Muthu's Curry, iliyoanza mwaka 1969, na Banana Leaf Apolo ya mwaka 1974, zote mbili maarufu kwa kichwa cha samaki. Jirani, barabara ya Serangoon, Komala Vilas inapika mboga tangu 1947. Wote hao walianza wadogo. Lakini Kuala Lumpur na Petaling Jaya bado zimejaa nyumba ambazo mwenye duka ndiye anayepokea pesa, na hizo ndizo ninazozitetea.

Tazama jani lenyewe kwanza. Likiwa zima, bichi, limetandikwa moja kwa moja mezani, endelea kukaa. Likiwa duara lililokatwa kwa ajili ya kupendezesha sahani, au karatasi iliyochapwa rangi ya kijani, unalipia picha. Tazama mboga kama zinabadilika siku hadi siku. Tazama wanaokula: wafanyakazi wa ofisi za karibu, wazee wawili wasiosemezana, mama na watoto wa shule. Na sikiliza kama wahudumu wanawajua wateja kwa mboga zao. Pale Petaling Jaya kuna mzee anayekaa meza ya pembeni, na karela inamfikia kabla ya wali.

Na ladha je? Hapo siwezi kukuamulia. Jani lina ladha nyingi zilizotengana, wewe mwenyewe ndiye unayezikutanisha tonge kwa tonge, uchachu hapa, uchungu wa karela pale, kisha mtindi. Nasi kandar ni ladha moja nzito iliyokwisha kukutanishwa na fundi. Mwenye ulimi wa pilau na biriani, anayependa chakula kilichokamilika kabla hakijafika, huanguka upande wa mjomba. Mwenye kupenda kupekua, kuonja, kurudi nyuma, ataanguka upande wa jani. Ukali unakaribiana, ila kwenye jani unaweza kuukwepa kwa sababu kila kitu kiko mahali pake. Ndiyo maana watoto wangu wadogo nawapeleka huko: wali, sambar kidogo, papadam, mtindi, wameshiba.

Mzazi mzee asiyeweza kuketi kwa muda mrefu kwenye viti vya plastiki, au asiyependa kelele za ndoo, mpeleke njia ya tatu. Mgeni wa kazi unayetaka kuzungumza naye kwa utulivu, usimpeleke popote kati ya hizi saa saba mchana.

Mgeni wangu tulimfanyia hivi. Treni ya haraka kutoka uwanja wa ndege inachukua dakika 28 hadi KL Sentral, na Brickfields, mtaa wa Wahindi, uko hatua chache kutoka stesheni. Yeye ni Mwislamu na cheti hatukukiona, basi alikula jani la mboga, akaongezewa wali mara mbili na rasam mara tatu, na akka akamfunga papadam nne kwenye gazeti aende nazo. Tukatembea. Saa kumi na moja jioni tukaingia mamak ya jirani, tukaagiza roti canai moja ya kugawana na teh tarik mbili. Alitazama chai ikimiminwa kutoka juu mpaka povu likasimama, akaniuliza kama yule mjomba angekubali kumimina tena polepole ili amrekodie mkewe. Alikubali, akamimina mara tatu.